Sindano, kinyama au tezi nzima? Kuchagua njia ya kupima uvimbe ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mgonjwa ana uvimbe shingoni, kwenye titi au kinenani, na hospitali ya wilaya iko Makete, Ileje au Kilolo. Njia za kupata jibu kwa hadubini ni nyingi kuliko fomu ya maombi inavyoonyesha. Unaweza kunyonya seli kwa sindano nyembamba, kuchukua kinyama (kipande kidogo cha tishu) kwa sindano nene, kukata kipande au kutoa uvimbe mzima. Baada ya hapo zinafuata rangi za kawaida, rangi maalumu, vipimo vya kingamwili (vinavyotafuta alama za seli kwenye tishu), na kwa wachache kugandisha tishu na kuisoma mgonjwa akiwa bado mezani. Njia hizi hazifanyi kazi moja, na anayechagua kwa kutazama kifaa kilichopo kabatini mara nyingi hupata jibu la swali ambalo hakuuliza.

Maswali yenyewe ni matatu. Hizi ni seli za aina gani? Zimejipangaje, na je, zimevuka mpaka wa mahali pake? Zina alama gani zinazoamua dawa? Swali la kwanza sindano nyembamba hulimudu. La pili linataka tishu iliyobaki na umbo lake. La tatu linataka tishu iliyohifadhiwa vizuri tangu dakika ya kwanza. Kwa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa lipo swali la nne ambalo vitabu vya mijini hulipita: sampuli hii itafika ikiwa hai kimaabara, au itaharibika njiani?

Sindano nyembamba

Hii ndiyo njia rahisi, na kwa tezi za shingo ndiyo ya kuanza nayo. Vifaa ni sirinji ya ml 10, sindano ya bluu (geji 23) au ya chungwa (geji 25) kwa shingo na rovu, nyeusi (geji 22) kwa titi, slaidi sita zenye ncha ya kuandikia, na penseli. Kalamu ya wino haifai. Alkoholi itafuta jina lote.

Shika uvimbe kwa vidole viwili, ingiza sindano, vuta bomba hadi ml 2 au 3 tu, kisha peleka sindano mbele na nyuma mara 10 hadi 15 ndani ya uvimbe, ukibadili mwelekeo kidogo kidogo. Achia bomba kabla ya kutoa sindano. Ukiitoa huku bado unavuta, kile kidogo ulichopata kitarukia ndani ya sirinji na hutakipata tena. Tenganisha sindano, vuta hewa, irudishe, kisha sukuma tone moja kwenye kila slaidi na ulitandaze kwa slaidi nyingine bila kukandamiza. Rudia mara mbili au tatu kwenye sehemu tofauti za uvimbe. Damu ikianza kuonekana kwenye shingo ya sindano, acha. Kinachofuata ni damu tu. Kwa rovu, wengi hupata sampuli safi zaidi bila kuvuta bomba kabisa, kwa sababu tezi ya koo ina mishipa mingi ya damu.

Slaidi zigawanye makundi mawili papo hapo. Nusu zitumbukize kwenye alkoholi ya asilimia 95 kabla hazijakauka, zikae dakika 15 au zaidi, kwa ajili ya rangi ya Papanicolaou. Nusu ziache zikauke hewani, kisha zipitishe kwenye methanoli kwa ajili ya Giemsa. Giemsa ni ile ile ya malaria iliyopo katika kila maabara ya wilaya: asilimia 10, dakika 15 hadi 20, ila bafa iwe ya pH 6.8 badala ya 7.2, ili viini visiwe na bluu nzito mno. Ndiyo maana Giemsa inafaa kuwa rangi ya kwanza huku kwetu, hata kama Papanicolaou huonyesha kiini vizuri zaidi.

Zipo njia mbili za kuharibu kazi hii. Slaidi ya alkoholi ikikauka kabla ya kuzama, viini huvimba na kupauka, na msomaji hawezi kutofautisha seli iliyochokozwa na maambukizi na seli ya saratani. Na slaidi ya kukausha ikichelewa kukauka, seli husinyaa na kupoteza umbo. Hili la pili ni tatizo la Rungwe hasa, ambako hewa ni ya unyevu karibu mwaka mzima. Paka nyembamba, pepea kwa feni ya hewa baridi, usiweke juu ya jiko. Na usisafirishe slaidi hizo katika boksi moja na chupa ya fomalini (dawa ya kuhifadhia tishu) hata kama imefungwa. Mvuke wake hufanya Giemsa igeuke kijani-bluu cha ovyo, na hapo hakuna cha kuokoa.

Kifua kikuu cha tezi ndicho sindano inachokipatia zaidi. Ikitoka na usaha mzito mweupe-njano, paka slaidi moja ya ziada kwa Ziehl-Neelsen (rangi ya kuonyesha vimelea vya kifua kikuu), na kilichobaki kwenye sindano kisuuze kwa saline kwenye chupa safi kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya vimelea hivyo). Ziehl-Neelsen inahitaji takriban vimelea 5,000 hadi 10,000 katika kila ml ili mtu avione, kwa hiyo slaidi isiyo na vimelea haimaanishi hakuna kifua kikuu. Kwa anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka sana, zile granuloma (vifundo vya seli za kinga) nzuri za vitabuni huweza zisionekane kabisa; utaona tishu iliyokufa na vimelea tele. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 uliikuta Njombe na Iringa zikiongoza kwa maambukizi ya VVU Tanzania Bara, asilimia 11.4 na 11.3, kwa hiyo sura hii isiyo ya kitabuni hapa ni ya kawaida.

Mahali sindano inapokwama panajulikana, na hakuna ujuzi wa mkono unaopabadilisha. Rovu ni mfano mzuri kwa sababu Nyanda za Juu Kusini zimekuwa eneo la upungufu wa madini joto tangu zamani, na rovu za vinundu vingi bado zinakuja kliniki hata baada ya chumvi yenye madini joto kuenea. Sampuli ya rovu huhesabika kuwa inatosha ikiwa na makundi sita ya seli, kila kundi likiwa na seli 10 au zaidi. Ikifikia hapo, sindano itakuambia vizuri kama ni kinundu cha kawaida au saratani ya aina ya papilari. Lakini uvimbe wa folikuli, ule unaoandikwa kundi la nne katika mfumo wa Bethesda (wa kupanga majibu ya sindano ya rovu), haiwezi kuamua kama ni saratani au la, kwa sababu tofauti yao pekee ni kama seli zimetoboa ganda la uvimbe au kuingia kwenye mishipa ya damu. Sindano haioni ganda. Kurudia sindano mara tatu kwa mgonjwa huyo ni kumchosha bure. Anahitaji upasuaji wa kutoa upande huo wa tezi.

Vivyo hivyo kwenye titi: sindano nyembamba husema "seli za saratani zipo", lakini haisemi kama bado zimo ndani ya mirija au zimeshavamia. Uvimbe wa maji, au jipu, humalizwa na sindano vizuri kabisa.

Sindano nene na vibano

Kinyama cha sindano nene ni uzi wa tishu wa urefu wa sm 1 hadi 2. Kwa titi tumia geji 14, nyuzi tatu au nne. Kwa tezi dume geji 18, nyuzi 10 hadi 12, kila upande na chupa yake. Unahitaji ganzi, kisu kidogo cha kufungua ngozi, na bastola yake ya kuchukulia. Bei ya sindano hizi ndiyo kikwazo, na zipo hospitali zinazozichemsha na kuzitumia tena. Sindano iliyobutuka hukata vipande vilivyopondeka ambavyo msomaji huandika "haitoshi", achilia mbali hatari ya kuambukiza. Kama hakuna sindano mpya, kata kipande kwa kisu.

Faida ya uzi huu juu ya sindano nyembamba ni kwamba unabaki kuwa tishu. Unaingia kwenye nta na kuwa bloku, unakatwa mara nyingi, unapakwa rangi yoyote, na mwaka kesho unaweza kuulizwa swali jipya. Seli za slaidi huulizwa mara moja au mbili tu. Ipo njia ya katikati: mabaki ya sindano nyembamba yakizungushwa kwenye sentrifuji, donge la chini likawekwa fomalini na kuingizwa kwenye nta, unapata bloku ya seli. Kwa maji ya tumboni au kifuani bloku hiyo ni bora kuliko slaidi kumi, na haitumiki inavyostahili.

Ngozi ina kifaa chake, kisu cha duara cha mm 4. Kwa mabaka ya zambarau yanayoshukiwa kuwa saratani ya Kaposi, chukua hicho, usitumie sindano. Sindano italeta damu na seli chache ndefu zisizo na maelezo. Ganzi ichome pembeni na chini ya doa, si ndani yake, na usikinyanyue kipande kwa kibano chenye meno. Kwa koo la chakula linaloshukiwa kuwa na saratani, kamera ichukue vipande sita hadi nane kutoka ukingo wa kidonda. Katikati kuna tishu iliyokufa tu, na kipande kimoja kikubwa cha uozo hakimsaidii mtu. Shingo ya kizazi ifuate kanuni hiyo hiyo: paka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, subiri dakika moja, chukua kutoka kwenye weupe ulio mzito zaidi, karibu na mpaka wake.

Kutoa uvimbe au tezi nzima

Limfoma (saratani ya tezi za limfu) ndiyo sababu kuu ya kuchagua njia hii. Aina zake hutambuliwa kwa mpangilio wa tezi nzima na kwa kingamwili, na nusu ya tezi iliyotolewa kwa kibano huwa imepondeka kwa sababu seli hizi ni laini mno. Chagua tezi kubwa zaidi, si ile rahisi kufikika; za kinena ziache kama zipo za shingo au kwapa, kwani za kinena kwa mtu mzima aendaye pekupeku shambani huwa na makovu ya miaka. Itoe na ganda lake. Ikiwa bado mbichi, ikate katikati kwa kisu kikali, gusisha uso uliokatwa kwenye slaidi mbili (zitakupa jibu la awali leo leo), weka kipande kidogo kwenye saline kwa GeneXpert na kuotesha vimelea, na kilichobaki chote kwenye fomalini. Ukishatumbukiza tezi nzima kwenye fomalini, nafasi ya kuotesha imekwisha.

Mtoto mwenye uvimbe wa taya kutoka Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa kwenye malaria nyingi, ni habari nyingine. Limfoma ya Burkitt inaweza kujigawa mara mbili ndani ya siku moja au mbili, na kungoja nta wiki tatu ni kumpoteza. Hapa sindano nyembamba na Giemsa ndiyo ya kwanza: seli za bluu nzito zenye vitundu vyeupe huonekana mchana huo huo. Kinyama kifuate nyuma yake, kisiizuie safari ya rufaa.

Fomalini, ambako sampuli nyingi hufia

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili, ni hii. Kinachoandikwa "haisomeki" kwenye majibu mara nyingi kiliharibika kabla hakijatoka chumba cha upasuaji.

Fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, lita moja, hutengenezwa hivi: ml 100 za fomaldehaidi ya dukani (ile ya asilimia 37 hadi 40), ml 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye maji, na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti kavu. Kumbuka asilimia 10 ni ya ile ya dukani, si ya fomaldehaidi tupu. Mtu akipokea dumu lililoandikwa "10%" na kulichanganya tena moja kwa tisa, anapata maji yanayonusa fomalini, na tishu itaoza ndani yake kwa utulivu kabisa.

Bafa si pambo. Bila hiyo fomalini huwa na asidi, na asidi ikikutana na damu huacha chembe za kahawia-nyeusi kwenye slaidi nzima. Chembe hizo hufanana na za malaria. Katika wengu au kondo la nyuma la mama kutoka Kyela, msomaji atabaki kujiuliza.

Baridi ina mambo yake. Fomaldehaidi kali ikihifadhiwa kwenye stoo ya Njombe au Makete mwezi Juni au Julai, huganda na kuacha mashapo meupe chini ya dumu; kilichobaki juu ni dhaifu. Itunze kwenye chumba chenye joto la nyuzi 15 au zaidi, na usiitumie iliyokwisha kuwa na maziwa-maziwa. Baridi pia hupunguza kasi ya fomalini kuishika tishu. Kwa kawaida huingia mm 1 hivi katika saa ya kwanza, kisha huzidi kupungua kasi. Kufika mm 4 ni karibu siku nzima. Chumba kikiwa nyuzi 10 usiku, ongeza muda.

Ndiyo maana titi au mfuko wa uzazi hautumbukizwi mzima. Upasue vipande vya unene wa sm 1, kama mkate, bila kuvitenganisha kabisa, weka karatasi ya kukaushia katikati, na weka uzi wa kuonyesha upande: mfupi juu, mrefu pembeni. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa tishu, na mara 20 ukiweza. Chupa iwe ya mdomo mpana. Tishu iliyosindikwa kwenye chupa ya dawa ya maji huingia laini na kutoka ngumu, na hapo ni kuvunja chupa. Kinyama cha mm 4 kitakaa saa 6 hadi 24. Kwa titi ambalo utataka vipokezi vya homoni na HER2 (alama zinazoamua dawa), fomalini ianze ndani ya saa moja tangu kukatwa, na muda wote uwe kati ya saa 6 na 72. Sampuli ya Ijumaa jioni inayofunguliwa Jumanne imeshatoka nje ya mpaka huo.

Mbadala wa fomalini si kitu cha kubahatisha. Saline huivunja tishu ndani ya saa chache. Spiriti ya kidonda huikausha na kuisinyaza. Kidole cha glovu kilichofungwa fundo ni jeneza. Kama fomalini imekwisha kabisa, alkoholi ya asilimia 70 hadi 95 ni afadhali, ila iandikwe kwenye fomu, kwa sababu maabara itabadili hatua zake.

Kwa safari ya basi kutoka Tukuyu, Mbozi au Ludewa: chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, ifungwe kwa utepe wa plasta, iingie kwenye mfuko wa plastiki wenye pamba ya kutosha kunyonya yote ikimwagika, kisha boksi gumu lenye jina la mpokeaji. Fomu isikae ndani ya mfuko wenye chupa. Tishu iliyokwisha kukaa saa 48 ndani ya fomalini inaweza kusafiri ikiwa imefungwa kwenye shashi iliyolowa fomalini ndani ya mifuko miwili. Haihitaji dumu zima kwenye buti la basi.

Rangi na kingamwili

Hematoksilini na eosini, rangi za kawaida, hubaki mama wa yote. Mikato ya mikroni 3 hadi 5, hematoksilini ya Harris dakika 5, alkoholi yenye asidi ya asilimia 1 kwa sekunde chache, maji ya bomba hadi igeuke bluu, eosini dakika 2. Kama bluu haiji na viini vinabaki na wekundu, maji yako hayana alikali ya kutosha. Chovya kwenye maji yenye sodiamu baikabonati kidogo na itakuja mara moja.

Rangi maalumu ni za bei nafuu na hutoa majibu makubwa zikiulizwa sawasawa: Ziehl-Neelsen kwa kifua kikuu na ukoma (ukoma unahitaji njia ya Fite, asidi yake ikiwa dhaifu), PAS na Grocott kwa fangasi, Giemsa kwa vimelea vya tumbo, Kongo nyekundu kwa amiloidi (protini iliyojikusanya kwenye tishu). Usiziombe zote kwa pamoja. Mwandikie msomaji unachoshuku, achague mwenyewe.

Vipimo vya kingamwili hugharimu zaidi na huharibika kirahisi. Kabla ya kingamwili kushika, tishu iliyotoka kwenye fomalini lazima ichemshwe, kwa kawaida kwenye bafa ya sitreti ya pH 6.0 kwa dakika 20 kwenye nyuzi 95 hadi 98. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi hapo huchemka karibu na nyuzi 94. Njombe huchemka kwa nyuzi chini kidogo ya hapo. Maana yake maelekezo ya kopo yaliyoandikiwa maabara ya pwani hayatekelezeki kwa sufuria ya wazi, hata uongeze moto namna gani. Tumia sufuria ya presha, ambayo hata kwa mwinuko huu hupita nyuzi 115, dakika 2 au 3 baada ya presha kujaa. Usipokuwa nayo, ongeza muda hadi dakika 40 na ukague kila mara kwa slaidi ya kulinganishia ambayo jibu lake linajulikana. Slaidi hiyo isipokuwa kahawia, majibu yote ya siku hiyo yatupwe. "HER2 hasi" iliyotokana na maji ambayo hayakufikia joto itamnyima mgonjwa dawa. Slaidi za kawaida pia hazifai. Mikato hubanduka kwenye mchemko. Nunua zenye chaji au zipake poli-lisini.

Kwa mfupa na taya, kuondoa chokaa kwa asidi kali huua alama nyingi za kingamwili. EDTA huchukua siku au wiki, lakini huzitunza.

Kugandisha tishu

Kriostati (mashine ya kukatia tishu iliyogandishwa) ya nyuzi −20 hadi −25, mkato wa mikroni 5 hadi 10, jibu ndani ya dakika 20. Inafaa kuamua kama ukingo wa upasuaji uko safi au kama uvimbe wa ovari ni saratani. Inataka mpatholojia aliyesimama pale pale, umeme usiokatika, na tishu mbichi isiyo na kifua kikuu, kwa sababu kisu hurusha chembe. Barafu huacha matundu, na limfoma na mafuta husomeka vibaya. Kwa hospitali ya wilaya si suala la kujadili. Gusisha kipande kwenye slaidi, paka Giemsa, utapata sehemu kubwa ya faida kwa gharama ya slaidi mbili.

Kwa kutazama kwa haraka, muda ni wa kazi yenyewe ya maabara, si foleni wala barabara:

| Njia | Muda | Inajibu vizuri | Haijibu |
|---|---|---|---|
| Sindano nyembamba | saa chache | kifua kikuu cha tezi, saratani iliyosambaa, maji ya uvimbe, Burkitt kwa dharura | uvamizi, folikuli za rovu, aina za limfoma |
| Sindano nene, kisu cha duara, vibano | siku 2–3 | titi, tezi dume, Kaposi, koo la chakula, shingo ya kizazi | limfoma nyingi, uvimbe wenye sehemu tofauti tofauti |
| Tezi au uvimbe mzima | siku 3–5, mfupa zaidi | limfoma, rovu ya folikuli, ukingo wa upasuaji | dharura za siku hiyo |
| Kingamwili juu ya bloku | siku 1–2 za ziada | dawa ya titi, aina ya limfoma, Kaposi | tishu iliyooza au kukaa mno kwenye fomalini |

Zikiwa njia mbili zinafaa, kwa mgonjwa anayetoka mbali chagua ile isiyomrudisha. Mtu aliyetumia nauli kutoka Bulongwa hadi Mbeya kwa sindano nyembamba ya titi, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili kwa sindano nene, mara nyingi harudi. Titi gumu lisilosogea kwa mama wa miaka 45 lianze na sindano nene siku hiyo hiyo. Tezi ya shingo anza na sindano nyembamba. Isipotoa kifua kikuu wala saratani iliyosambaa, na bado inakua, panga kuitoa nzima bila kurudia sindano.

Jibu lisipolingana na mgonjwa, usikimbilie sampuli mpya. Mpigie mpatholojia, mpe umri, muda wa uvimbe, hali ya VVU, mahali hasa ulipochukua, na uombe mikato ya ndani zaidi ya bloku ile ile. Kinyama cha koo kilichosomwa "uvimbe wa kawaida" kwenye mkato wa kwanza kinaweza kuwa na saratani mikroni 200 chini yake, na bloku bado iko kwenye droo.